Cheti cha afya cha viza ya wastaafu: upimwe Kigoma, Tabora, Mwanza au ushuke Dar?

Ndani ya mwaka mmoja nimeulizwa swali moja na watu watatu, wote wakiwa wamesimama mlangoni kwangu hapa Mwanga, Kigoma: "Dada, hiki cheti cha daktari wanachotaka ubalozini, nikichukue hapahapa au nishuke Dar?" Wanajua nilikuwa muuguzi, basi wanadhani muuguzi mstaafu anaijua kila karatasi iliyowahi kupigwa muhuri duniani.

Wa kwanza alikuwa shemeji yangu. Alitumikia mashirika ya wakimbizi miaka mingi, ile ya mwisho akiwa kambini mpakani mwa Thailand na Myanmar, na pensheni yake inaingia kwa dola. Anataka akale uzee wake Chiang Mai. Nikamjibu papo hapo: "Nenda Dar, mambo yote yako huko." Akalala Dar siku tisa kwa mpwa wake, akarudi na cheti ambacho kingeandikwa mwendo wa bajaji kutoka nyumbani kwake. Wa pili ni jirani yangu wa Katubuka, mjane wa mhandisi wa Kijerumani, anayetaka kuhamia Alicante, Hispania, aliko mtoto wake wa kambo. Huyo, kwa kuwa nilijiona nimeshajifunza, nikamwambia apime hapahapa. Kumbe yeye ndiye aliyetakiwa kushuka Dar. Wa tatu, mzee wa Ujiji, alifika kwangu ameshapima na risiti mkononi, na kwake kupima huku kulikuwa kazi bure.

Kwa hiyo ulinganisho huu umegharimiwa na nauli za watu wengine. Nauandika kwa mtu wa Kigoma au Tabora mwenye pensheni ya kueleweka ugenini, anayeombwa cheti cha daktari na hajui aanzie dirisha gani.

Kabla ya kuuliza wapi, soma wanataka nani asaini

Watu hulinganisha hospitali kwa ukubwa, na mimi nilianza hivyo hivyo. Hospitali kubwa haikupi cheti kizito zaidi. Afisa wa viza hajui kama hospitali yetu ya Maweni ina ghorofa ngapi. Anatazama vitu vichache: aliyesaini ni nani, ameandika maneno gani, tarehe ni ipi, na jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Na akiona kasoro anakurudishia. Hapo ndipo swali la mahali linapoanza kuwa na maana, kwa sababu cheti kilichorudishwa lazima kirudi kwa daktari yuleyule. Je, siku hiyo utakuwa umbali gani kutoka kwake?

Chukua Thailand. Viza yao ya wastaafu ya mwaka mzima, inayoitwa O-A, ni ya wenye miaka 50 na kuendelea. Wanataka uwe na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi, bima ya afya isiyopungua baht milioni 3, hati ya polisi ya mwenendo mwema, na cheti cha daktari. Cheti chenyewe kinasema huna magonjwa matano tu: ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya, na kaswende iliyofika hatua ya tatu. Orodha hiyo inatoka kwenye kanuni ya wizara yao ya mwaka 1992. Presha haimo. Sukari haimo. Virusi vya UKIMWI havimo. Nimewaona watu wakiogopa kupima kwa sababu ya kidonge cha presha wanachomeza kila asubuhi, na kidonge hicho hakiwahusu Wathai hata kidogo. Kitawahusu watu wa bima. Huko usifiche, maana bima iliyodanganywa hailipi.

Fomu ya Thailand ni ukurasa mmoja kwa Kiingereza, daktari anajaza, anasaini, anagonga muhuri. Isizidi miezi mitatu. Na tangu Januari 2025 maombi yao yanafanyika mtandaoni: unaskani karatasi, unazipandisha, ubalozi wao wa Nairobi unazisoma kutoka huko. Maana yake dirisha linaloweza kukukatalia liko kwenye simu yako. Ukirudishiwa cheti, daktari wa Kigoma yuko karibu kuliko wa Dar.

Hispania ni habari nyingine. Viza ya mtu anayeishi kwa kipato chake bila kufanya kazi inataka kipato cha mara nne ya IPREM, kiwango cha kipato ambacho serikali yao hukitumia kama kipimo, na ambacho kimekuwa yuro 600 kwa mwezi, yaani yuro 2,400, na zaidi ukiwa na mwenza. Cheti cha daktari hakitaji magonjwa matano wala kumi. Kinataka sentensi moja: kwamba mhusika hana ugonjwa wowote unaoweza kuleta madhara makubwa kwa afya ya jamii kwa mujibu wa Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005. Kiwe kwenye karatasi yenye kichwa cha hospitali, kisainiwe, kigongwe muhuri, kisizidi miezi mitatu. Kisha kithibitishwe na kipatikane kwa Kihispania, kwa mfasiri aliyeapishwa. Baadhi ya ofisi zao za kibalozi huweka kielelezo chenye lugha mbili, Kihispania upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Uliza kama kipo kabla hujamlipa mfasiri. Ubalozi uko Dar, na uthibitisho unapitia Wizara ya Mambo ya Nje.

Jirani yangu alipimwa vizuri sana hapa Kigoma. Daktari akamwandikia kwamba ana afya njema, moyo unadunda sawasawa, mapafu safi, anafaa kusafiri. Barua nzuri ya kufurahisha ndugu. Lakini ile sentensi ya Kanuni za 2005 haikuwemo, kwa sababu mimi sikumwambia na yeye hakumwonyesha daktari. Akaambiwa Dar arudi na nyingine. Basi la kurudi, kumngoja daktari aliyekuwa kwenye zamu ya usiku, basi la kwenda tena. Angekuwa amesainiwa Dar angerudi kwa daktari alasiri ileile.

Wa tatu, mzee wa Ujiji, anataka kumfuata mwanawe Uingereza. Kwanza niliweka wazi jambo moja ambalo wengi hawalijui: Uingereza haina viza ya wastaafu, njia hiyo waliifunga mwaka 2008. Anaomba kwa njia nyingine, na kama atafanikiwa ni hadithi ya siku nyingine. Ila kwa Mtanzania anayekwenda kukaa zaidi ya miezi sita wanataka cheti cha kifua kikuu, na hicho hakichukuliwi popote isipokuwa kliniki waliyoitaja wenyewe, ya Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, jijini Dar. Kinadumu miezi sita. Yeye alikuwa ameshapiga picha ya kifua hapa mjini, amelipa, amepewa bahasha kubwa ya kahawia. Haimsaidii kitu. Akaniuliza, "Sasa hawa IOM mbona magari yao nayaona Kasulu kila siku?" Hao wanawapima wakimbizi wa Nyarugusu wanaopelekwa nchi za tatu, baba. Si dirisha lako. Kanada nao wana utaratibu wa namna hiyo, wa madaktari waliowateua wao tu. Ukiona kwenye karatasi maneno ya "daktari aliyeteuliwa" au "kliniki iliyoidhinishwa", funga ulinganisho, nunua tiketi.

Ureno, kwa viza yao ya D7 wanayoitumia wastaafu wengi, hawaweki cheti cha daktari kwenye orodha ya kawaida. Wanataka bima. Mtu akikuuzia cheti cha Ureno, mwache na cheti chake.

Kupimwa Kigoma

Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni iko mjini, ina maabara, ina picha ya kifua, ina madaktari waliosajiliwa. Kwa cheti cha aina ya Thailand haikosi kitu. Kinachokosekana mara nyingi ni mazoea: daktari anaweza kuwa hajawahi kuiona fomu hiyo, na foleni haikutofautishi wewe na mwenye malaria. Nenda mapema, lipia kwa kontroo namba kama kawaida, na jiandae kulipa mfukoni. Kadi ya bima ni ya mgonjwa, na wewe huumwi.

Cheti cha kwanza cha shemeji, kile cha siku tisa za Dar, kilimwozea mkononi. Alikipata kabla ya barua ya benki na kabla ya bima, na hivyo viwili vikachukua muda mpaka miezi mitatu ikapita. Ikabidi apimwe upya, na safari hii nikamsindikiza hapahapa mjini. Nasimulia nilichokiona kwa sababu kinaonyesha cheti cha ukurasa mmoja kinabeba kazi gani.

Daktari alikuwa kijana. "Shikamoo mzee." "Marahaba, daktari." Akaisoma fomu mara mbili, akacheka kidogo alipofika kwenye matende, kisha akaacha kucheka na kufanya kazi. Akamwambia avue shati. Chini ya bega la kushoto shemeji ana baka jeupe, la siku nyingi, sisi nyumbani tunaliita mba tu. Daktari akachukua pamba, akaisokota ncha mpaka ikawa kama uzi. "Fumba macho mzee. Nikikugusa, onyesha kwa kidole mahali nilipogusa." Akamgusa katikati ya baka, pembeni, nje ya baka, tena katikati. Shemeji akaonyesha kila mara bila kukosea. Baka la ukoma hufa ganzi. Hilo halikuwa limekufa. Kisha akamkunja kiwiko na kupapasa mshipa wa fahamu unaopita nyuma ya mfupa, ule ukigonga meza unakupiga shoti mpaka kidole cha mwisho, aone kama umenenepa. Haukuwa umenenepa. Halafu suruali juu, miguu yote miwili: akabonyeza gumba kwenye muundi, akaachia, akatazama kama pamebaki shimo. Shemeji akashindwa kujizuia: "Daktari, unanichagua kama mbuzi wa Idi."

Dakika ishirini. Ndiyo maana nasema Kigoma inatosha kwa fomu hii. Yanayotakiwa ni macho, vidole, pamba, damu kidogo na picha ya kifua, na daktari aliyefundishwa kwenye nchi hii ameuona ukoma na kifua kikuu kwa macho, si vitabuni tu. Mpango wetu wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na ule utaratibu wa mgonjwa kumezeshwa dawa mbele ya mtu, ambao baadaye Shirika la Afya Duniani liliueneza kwa jina la DOTS, ulijengwa juu ya kazi iliyofanyika Tanzania. Sisi wauguzi wa zamani tunapenda kulisema hilo, mniwie radhi.

Kwenye matende kuna kituko kidogo. Vijidudu vyake vidogo hutembea kwenye damu usiku, kuanzia kama saa nne hadi saa nane, mchana hujificha. Daktari mwenye kufuata sheria neno kwa neno anaweza kukwambia urudi usiku kutobolewa kidole. Siku hizi kuna kipimo cha kijiti kinachotafuta alama za mdudu wakati wowote, lakini si kila maabara inacho. Wengi hutazama miguu, na kwa mwanamume korodani, wakaandika. Huku kwetu ziwani matende si tatizo kama lilivyo pwani. Kama umekulia Tanga au Mafia, mweleze.

Hatari ya Kigoma ni zahanati. Sizungumzii ubora wa tiba. Nyingi zinaendeshwa na tabibu, na tabibu wetu ndiye anayeitibu nchi hii, lakini fomu za ubalozi zinataka daktari mwenye shahada, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Nimeona cheti kimoja kimerudishwa kwa sababu hiyo tu. Kilitoka haraka, kwa tabasamu, na muhuri wa rangi ya zambarau uliochovywa wino mpaka maandishi yakaungana. Uliza mapema, bila aibu: "Atakayesaini ni daktari? Ataandika namba yake ya usajili?"

Kupimwa Tabora

Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, inakupa yaleyale unayoyapata Maweni. Kwa mtu wa Urambo, Kaliua, Sikonge au Nzega hakuna cha kujadili, ndiko nyumbani, na yote niliyoyasema juu ya Kigoma yanamhusu yeye pia. Lakini kutoka Kigoma kwenda Tabora kwa ajili ya cheti peke yake, sioni hoja. Ni kama kilomita 400 za reli kwenda kununua kitu unachokiuza mwenyewe.

Ipo hali moja tu. Kama unashuka Dar kwa treni ya kati na una ndugu Tabora wa kukulaza siku mbili, unaweza kupima vipimo vya mwanzo huko. Ila sasa daktari wako anakuwa katikati ya nchi, si kwako wala ubalozini. Kwa kanuni yangu ya kukaa karibu na aliyesaini, hapo ndipo pabaya kuliko pote.

Kupimwa Mwanza

Hospitali ya Bugando ina madaktari bingwa, na barabara imekuwa nyepesi: tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hakuna tena kupanga foleni ya kivuko. Mwanza ninaitetea kwa mtu wa aina moja tu, yule ambaye vipimo vya Kigoma vimemletea jibu linalohitaji bingwa.

Majibu ya namna hiyo ni mawili, na yote huwapata wazee kwa sababu wazee wameishi.

La kwanza ni kovu kwenye mapafu. Mtu alitibiwa kifua kikuu miaka ya tisini, akapona, akasahau. Picha haisahau. Msomaji wa picha anaandika kwamba kuna alama za ugonjwa wa zamani, na daktari makini hawezi kusaini "hana kifua kikuu" kwa kuangalia kovu peke yake. Hapo unatoa makohozi, yanapimwa kwa mashine ya GeneXpert ambayo hutoa jibu ndani ya kama saa mbili, na ukiwa na kadi yako ya matibabu ya zamani unaileta. Kipimo cha makohozi kwenye kliniki ya kifua kikuu ni bure. Mara nyingi mambo huishia hapa Kigoma. Picha ikibaki na utata, nenda kwa bingwa wa kifua.

La pili ni kaswende. Mtu aliyetibiwa mwaka 1985 kwa sindano, akapona kabisa, anaweza kupimwa leo kwa kijiti cha haraka na kikaonyesha kwamba anayo, kwa sababu kijiti hicho kinasoma kinga ya mwili, na kinga hiyo hukaa maisha yote. Nimewahi kuona ndoa ya miaka arobaini ikitetemeka kwenye benchi la maabara kwa ajili ya mstari mmoja mwekundu. Omba kipimo cha pili, cha RPR, kinachoonyesha kama ugonjwa bado uko hai na kwa kiwango gani. Tena Thailand wanakataa hatua ya tatu, ile iliyokwishafika kwenye moyo, mishipa au ubongo. Kijiti chenye mstari hakimaanishi hivyo. Daktari anayelielewa hili ana thamani kuliko hospitali yenye lifti. Na baba zangu, tafadhali, ingieni chumba cha majibu peke yenu kwanza.

Kushuka Dar

Dar ni ghali, kuna joto, na ndugu wa kukupokea anakuwa amehamia Chanika. Ila kwa Hispania, na kwa nchi yoyote inayotaka cheti kithibitishwe wizarani na kupokelewa kwa mkono ubalozini, saini iwe ya Dar. Sababu ni ile ya marejesho: wizara ikikuambia muhuri wa daktari hausomeki, unapanda daladala.

Hii haimaanishi uende mikono mitupu. Huyu jirani yangu mara ya pili tulimpanga hivi, na ndivyo ningempanga mtu yeyote sasa. Vipimo vyote alivifanya Kigoma mwezi mmoja kabla, kwa ajili ya kujua tu, si kwa cheti. Akajua damu yake ikoje, kifua kikoje, hakuna kitakachomshtua ugenini. Bima, barua ya pensheni, hati ya polisi, vyote vikakamilika. Cheti kikawa karatasi ya mwisho kabisa. Ndipo akapanda basi stendi ya Masanga na bahasha ya majibu na ile sentensi ya Kanuni za 2005 imechapwa kwenye karatasi peke yake, herufi kubwa, amwekee daktari mezani. Daktari wa Dar akayasoma majibu, akampima mwenyewe, akarudia picha ya kifua kwa kuwa hakutaka kusaini kwa picha ya mwingine, na hiyo ni haki yake. Usigombane naye kwa hilo.

Kuhusu sentensi yenyewe, daktari mmoja aliwahi kumuuliza kwa kejeli kidogo, "Hayo magonjwa ya 2005 ni yapi, mama?" Ni yale yanayovuka mipaka: kipindupindu, tauni, homa ya manjano, polio, Ebola, Marburg na wenzao. Kwa mtu wa magharibi mwa nchi hii hiyo si sentensi ya mapambo. Marburg ilibisha hodi Kagera mwaka 2023 na tena Januari 2025. Na Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojaa kijiji cha Kagunga na kipindupindu kikaingia, na meli ya Liemba ikawa inawabeba kuwaleta mjini, sisi tuliokuwa kazini tulijifunza maana ya "madhara kwa afya ya jamii" bila kusomewa kanuni yoyote. Kwa hiyo mwambie daktari magonjwa hayo kwa majina. Ataandika kwa moyo mweupe, maana anajua anachokanusha.

Kadi ya njano si cheti

Hili linachanganywa kila siku. Kadi ya njano ni ya chanjo ya homa ya manjano, na Thailand wanaidai kwa anayetoka Tanzania. Haichukui nafasi ya cheti cha daktari, wala cheti hakichukui nafasi yake. Inaanza kutambulika siku ya kumi baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 inadumu maisha, hivyo kama unayo ya zamani itafute kwenye sanduku kabla hujachanjwa tena.

Ila kwa wastaafu nina neno. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na madhara yake makubwa, ingawa ni adimu, huwapata zaidi wenye miaka 60 na kuendelea wanaochanjwa kwa mara ya kwanza. Usiende kuchomwa kama unakwenda kunyoa. Zungumza na daktari, hasa ukiwa na dawa zinazoshusha kinga au ulishapata shida ya tezi thaimasi, ile iliyo kifuani. Kama hufai kuchanjwa, ipo barua rasmi ya daktari ya kutochanjwa kwa sababu za kiafya. Uliza ubalozini mapema kama wataipokea.

Kwa kifupi cha kubandika kwenye jokofu

Thailand: Kigoma au Tabora, hospitali ya rufaa ya mkoa, daktari mwenye namba ya usajili, na uchukue siku bima na benki vimekamilika. Usisafiri. Baadhi ya ofisi zao hutaka saini ya daktari ithibitishwe na wakili. Mawakili wapo Kigoma.

Hispania: pima Kigoma ujijue, saini Dar.

Uingereza: Dar tu, kwa IOM. Kanada: kwa daktari waliyemteua wao tu. Usipoteze hata shilingi ya picha hapa.

Mwanza: ukiwa na kovu la kifua au jibu la damu linalobishaniwa.

Na popote utakaposainiwa, usitoke chumbani kabla hujasoma. Jina lote kama la pasipoti, namba ya pasipoti, tarehe iliyoandikwa mwezi kwa maneno ili tarehe 3 Aprili isigeuke 4 Machi kwa msomaji wa ugenini. Shemeji mara ya pili karibu tuondoke na cheti cha "Salim" wakati pasipoti inasema "Salum". Daktari alikuwa ameshasimama kuvua koti. Akaketi tena, akaandika upya, akagonga muhuri taratibu, akaupuliza ukauke.